Juni, Mwezi wa Majina

Mwezi wa Juni unapoingia katika mji wa Mbale, mvua kubwa huwa zimeanza kupungua, mlima Wanale huonekana wazi asubuhi, na maharage mapya huanza kushushwa sokoni. Watoto wa shule ndio kwanza wameanza muhula wa pili. Katika sehemu ya Industrial, kuanzia maghala na karakana zilizo karibu na reli hadi vibanda vya Namatala, waalimu huwapanga watoto mistari kwa ajili ya sherehe za tarehe 16, Siku ya Mtoto wa Afrika. Jioni sauti zao husikika wakikariri shairi kwa pamoja, wakiinua na kushusha mikono kama walivyofundishwa.

Mpita njia akiwasikiliza atadhani kwamba hiyo ni sikukuu ya furaha tupu. Lakini aichukue kalenda iliyotundikwa ukutani aisome mwezi huo siku baada ya siku, naye ataona kwamba hapana mwezi mzito kuliko huo kwa watoto wa Uganda. Tarehe 4 ni siku iliyowekwa na Umoja wa Mataifa kuwakumbuka watoto wasio na hatia walioathiriwa na mashambulizi ya vita. Tarehe 8, mwaka 1998, waasi wa ADF waliyatia moto mabweni ya Chuo cha Ufundi cha Kichwamba, huko Kabarole, na wanafunzi 80 wakateketea. Tarehe hiyo hiyo ya 8, mwaka 2004, waasi wa LRA waliishambulia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Abok, upande wa Lango. Tarehe 15, mwaka 2003, LRA hao hao waliingia Obalanga katika Teso. Tarehe 16, mwaka 2023, usiku, shule ya sekondari ya Lhubiriha iliyoko Mpondwe, mpakani mwa Kongo, ilivamiwa na ADF. Watu zaidi ya 40 waliuawa, na wengi wao walikuwa wanafunzi waliokuwa wamelala. Tarehe 24, mwaka 2003, wasichana wapatao 100 walitekwa kutoka shule ya Lwala, Kaberamaido.

Hayo yote yametokea katika mwezi mmoja, ingawa ni katika miaka mbalimbali. Na hiyo tarehe 16 yenyewe, ambayo watoto wa Mbale na Jinja huivalia sare zilizopigwa pasi, nayo imetokana na damu. Siku hiyo mwaka 1976, katika mji wa Soweto huko Afrika Kusini, polisi waliwapiga risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana kukataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikana. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaiweka siku hiyo kuwa ya watoto wa bara zima, ikaanza kuadhimishwa mwaka 1991. Ile ya tarehe 4 imetokana na vita vya Lebanoni: azimio lake lilipitishwa tarehe 19 Agosti 1982, mashambulizi ya Israeli nchini humo yalipokuwa yamewaua na kuwajeruhi watoto wengi wa Kipalestina na wa Kilebanoni.

Basi swali linalowahusu wazazi, waalimu na askari wanaowalea watoto kambini ni hili: je, shairi linalokaririwa siku hiyo linawakumbuka wale watoto? Aghalabu halikumbuki. Mashairi mengi ya maadhimisho humkaribisha mgeni wa heshima, hutaja haki ya elimu na haki ya chakula, huomba madawati, kisha humalizia kwa shukrani. Hayo si mabaya, maana madawati nayo yanatakiwa. Lakini mtoto aliyeuawa Obalanga hayumo ndani yake.

YALIYOTOKEA TESO

Yafaa kwanza kuyaeleza mambo yalivyokuwa, kwa kuwa vijana wengi walio shuleni hivi sasa walizaliwa baada yake. Vita vya Joseph Kony vilianza katika nchi ya Acholi mnamo miaka ya 1980, vikaenea Lango. Kwa muda mrefu watu wa Teso walivisikia kwa mbali, nao walikuwa na misiba yao wenyewe ya uasi na ya kunyang'anywa ng'ombe. Mnamo Juni 2003 LRA wakavuka wakaingia Teso. Watu wakakimbilia Soroti kwa maelfu, wakalala kwenye varanda za maduka, katika madarasa na makanisani, na wengine wakashuka zaidi kusini. Vijana wa Teso, wengi wao wakiwa wamewahi kushika silaha zamani, wakajikusanya katika kundi la mgambo lililojulikana kwa jina la Arrow Boys, yaani Vijana wa Mshale, chini ya viongozi kama Musa Ecweru na Mike Mukula, wakapigana bega kwa bega na jeshi la UPDF hadi waasi wakafukuzwa.

Askari wengi waliokuwa katika vita hivyo wamestaafu. Wengine walipita Mbale, katika kambi ya Bugema, wakienda au wakirudi. Wao hawahitaji kuelezwa kilichoonekana njiani. Ila wake zao na watoto wao mara nyingi hawakuelezwa kitu, kwa sababu baba wa namna hiyo akirudi nyumbani huvua viatu, huomba chai, hunyamaza.

Pale Obalanga lipo kaburi la pamoja ambamo ilizikwa mifupa ya mamia ya watu, na kila mwaka ifikapo tarehe 15 Juni watu hukusanyika kwa sala. Ibada husomwa na viongozi huzungumza. Mtu aliyepotelewa na mtoto ambaye hakupata hata mfupa wa kumzika hupatazama mahali pale kama kaburi la mtoto wake, naye ana haki ya kufanya hivyo.

Waliotekwa hawana kaburi wala tarehe. Katika vita vile vyote LRA waliteka watoto zaidi ya 20,000. Wavulana walipewa mizigo na bunduki, wasichana wakapewa makamanda. Katika miaka mibaya zaidi, watoto wapatao 40,000 walikuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini kwenda kulala mjini Gulu, Kitgum na Lira, wakibeba mikeka na blanketi, kisha alfajiri wakirudi kwao na wengine kwenda moja kwa moja shuleni. Hesabu hizo ni za kweli, na ni kubwa kiasi kwamba mtu akizisikia hutikisa kichwa akaendelea kula. Hapo ndipo kazi ya mshairi inapoanza.

MTOTO HANA MATENDO YA KUSIFIWA

Tangu zamani watu wa nchi hizi wamewalilia wafu wao kwa nyimbo. Okot p'Bitek, mzaliwa wa Gulu, yule aliyeandika Wimbo wa Lawino na ambaye katika ujana wake alichezea timu ya mpira ya taifa, alizikusanya nyimbo za Waacholi katika kitabu kilichotoka mwaka 1974, na ndani yake mna nyimbo za matanga. Katika matanga hayo wanaume hushika mikuki na ngao, wakaenda mbio na kuchoma hewa, kana kwamba Kifo ni adui aliyejificha kichakani na anaweza kupigwa akakimbia. Ni desturi ambayo askari yeyote ataielewa upesi.

Hata hivyo, nyimbo za namna hiyo, pale Acholi na penginepo, kwa kawaida humsifu mtu kwa aliyoyatenda. Aliyekufa alilima, alioa, alichinja, alipigana, alipatanisha ndugu. Basi mtoto wa miaka saba asifiwe kwa lipi? Hakujenga nyumba. Hakuacha mjane wala ng'ombe. Maisha yake yote yanaweza kusimuliwa katika muda wa kunywa kikombe cha chai.

Ushairi wa Kiswahili nao una upungufu huo huo. Waswahili wana tenzi za vita zilizo maarufu. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga juu ya vita vya Wadachi walipoitamalaki Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga juu ya Maji Maji. Shaaban Robert alitunga utenzi mrefu juu ya vita vilivyopiganwa kati ya mwaka 1939 na 1945. Na Henry Muhanika wa Tanzania alitunga juu ya Vita vya Kagera na anguko la Idi Amin, utenzi uliochapishwa mwaka 1981. Hizo ni kazi kubwa, na askari anayependa Kiswahili atanufaika akizisoma. Lakini utenzi wa vita kwa desturi hufuata majemadari, majeshi, miji iliyotekwa na bendera zilizoteremshwa. Mtoto akitokea hutokea mara moja, mgongoni mwa mama anayekimbia, kisha mistari huendelea na mizinga.

Kwa hiyo anayetaka kumwimbia mtoto aliyeuawa hana budi kutafuta njia nyingine, na njia hiyo si ngumu kama inavyodhaniwa. Kwa kuwa mtoto hana matendo ya kusifiwa, ana vitu. Ana kikombe kilichokuwa chake. Ana upande wake wa kitanda, maana alilala na nduguye. Ana kiatu kimoja kikubwa kidogo kuliko mguu, kilichonunuliwa hivyo makusudi ili kidumu miaka miwili. Ana jina la utani ambalo nyumbani wote walilitumia na shuleni hakuna aliyelijua. Ana hesabu aliyokuwa hajaimaliza. Mtunzi akivitaja vitu hivyo viwili vitatu kwa usahihi, bila kuvipamba, msikilizaji atamwona mtoto, na akishamwona hatakuwa tena mmoja kati ya 20,000.

Beti tatu zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya ukurasa huu ili kuonyesha kazi hiyo inavyoweza kufanywa katika bahari ya utenzi. Hazimhusu mtoto mmoja anayejulikana.

Kitabu kiko mezani
Kalamu ingali ndani
Mwenyewe hako nyumbani
Na hesabu haijesha.

Kikombe chake cha bati
Kimo juu ya kabati
Kila siku kwa wakati
Mama huja kukiosha.

Wenzake wana watoto
Jioni wakoka moto
Yeye ni yule mtoto
Mwaka haukumvusha.

Kila mstari una mizani nane. Mistari mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na kina hicho hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti. Mstari wa nne ndio unaozifunga beti zote pamoja, na hapa umefungwa kwa sha. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuyajua hayo kwa jioni moja, akihesabu mizani kwa vidole. Tena mizani zina faida isiyosemwa sana katika vitabu: humsaidia mwenye huzuni. Mama aliyeambiwa aeleze habari ya mwanawe hushindwa, machozi humziba koo. Akiambiwa atafute neno la silabi mbili la kukamilisha mstari, akili hupata kazi ya kufanya, na huzuni hupata mahali pa kukaa kwa muda.

Haidhuru lugha. Watu wa Industrial ni mchanganyiko wa Wamasaba, Wateso, Wakarimojong, Wagwere na wengine wengi, na kila mmoja aombolezaye na aomboleze kwa lugha aliyolelewa nayo. Kiswahili kina nafasi yake mahali ambapo wafiwa hawana lugha moja, kama vile katika mistari ya nyumba za askari. Kimekuwa lugha ya jeshi tangu enzi za KAR, kikawekwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe katika shule zote. Wako Waganda wanaokumbuka bado kwamba amri za kikatili walizopewa barabarani walipewa kwa Kiswahili. Kwa hao, kusikia Kiswahili kikimlilia mtoto huenda likawa jambo jipya.

WALIOKWISHA KUTANGULIA KATIKA KAZI HII

Binti wa Okot p'Bitek, Juliane Okot Bitek, aliyezaliwa Kenya wakati wazazi wake walipokuwa uhamishoni na ambaye baadaye aliishi Kanada, alichapisha mwaka 2016 kitabu cha mashairi kinachoitwa Siku Mia Moja. Aliandika shairi moja kwa kila siku ya zile siku mia za mauaji ya halaiki ya Rwanda ya mwaka 1994. Yeye hakuwa Rwanda. Alichofanya ni kukataa kuzifunga siku hizo mia katika sentensi moja, kama watu wanavyozoea kusema "siku mia" kisha wakaendelea na habari nyingine. Mtu akikisoma kitabu kile huchoka, na kuchoka huko ndiko kunakomjulisha urefu wa siku zenyewe.

Na Mbale haikosi mshairi wake. Timothy Wangusa, aliyezaliwa Bugisu mwaka 1942, akawa profesa wa Makerere, alitoa mashairi yake ya kwanza katika kitabu mwaka 1977, wakati wa Amin, na mengine mwaka 1994. Riwaya yake inayohusu kijana anayekua mlimani Bugisu ilitoka mwaka 1989. Aliandika kwa Kiingereza, jambo ambalo limewafanya jirani zake wengi wasimsome, na hiyo ni hasara kwao. Mwanafunzi wa Mbale anayedhani kwamba mashairi hutungwa Mombasa na Lamu tu hana haja ya kutazama mbali.

MASHAIRI YA KUEPUKWA

Liko kosa moja ambalo watunzi wapya hulifanya kwa nia njema: huyajaza mashairi yao damu. Hutaja panga, midomo iliyokatwa, miili iliyochomwa. Mambo hayo yalitokea, na mashahidi waliyaeleza mahakamani kwa viapo, mahali panapostahili. Lakini shairi litakaririwa na mtoto wa miaka kumi mbele ya watoto wenzake, na huenda katikati yao ameketi mmoja ambaye mama yake alitekwa akiwa msichana na kurudi akiwa na mimba. Watoto waliozaliwa msituni wamekua, wamesoma shule moja na wengine, na baadhi wamelea watoto wao wenyewe. Katika vijiji vingi wametukanwa kwa jina la baba wasiyemjua. Mtunzi asiwaongezee mzigo. Vilevile asitaje jina la mtu aliyerudi akiwa hai bila idhini yake, hata kama kijiji kizima kinaijua habari yake. Jina la marehemu liombwe kwa wazazi, na wakikataa, liachwe.

Kosa la pili ni kulipiza kisasi kwa vina. Ni rahisi mno kutunga ubeti wa kumlaani Kony, na watu watapiga makofi. Mashtaka yake yako mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambayo ilitoa hati ya kumkamata mwaka 2005 na mnamo Septemba 2025 ikafanya kikao cha kuyathibitisha mashtaka hayo bila yeye kuwapo. Beti zilizojaa laana hukaa juu ya muuaji, na mtoto aliyeuawa husahauliwa katika shairi lake mwenyewe.

Tena yupo Dominic Ongwen. Mtu huyo alitekwa na LRA akiwa mtoto, njiani akienda shule. Akakulia humo, akapanda cheo, akawa kamanda. Tarehe 4 Februari 2021 mahakama hiyo ilimkuta na hatia ya makosa 61, yakiwamo mashambulizi ya kambi za Pajule, Odek, Lukodi na ile Abok ya tarehe 8 Juni, na kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15. Mwezi Mei mwaka ule ule akahukumiwa kifungo cha miaka 25, na majaji walieleza kwamba utoto wake ulivyoharibiwa ulizingatiwa katika kupunguza adhabu. Mnamo Februari 2024 mahakama iliagiza fidia kwa waathirika wanaokadiriwa kuwa 49,772. Je, yule mtoto aliyekamatwa njiani akiwa na vitabu vyake anastahili ubeti? Watu waliopoteza watoto Abok watajibu kwa namna yao, wala hapana mtunzi mwenye haki ya kuwalazimisha. Lakini mtunzi asiyejiuliza swali hilo hajaijua vita aliyoikusudia kuiimba.

Jeshi lenyewe lina neno lake katika mambo haya, nalo ni neno la Kiswahili: kadogo. Ndivyo walivyoitwa watoto waliofuatana na NRA katika vita vya Luwero kati ya mwaka 1981 na 1986, wengi wao yatima ambao wazazi wao walikuwa wameuawa. Walipoingia Kampala watu walishangaa kuwaona wamebeba bunduki zinazokaribia kuwapita kimo. Wengine walirudishwa shule, wengine wakabaki jeshini wakawa maofisa. Mzee aliyekuwa kadogo akiombwa na wajukuu awaambie wimbo mmoja wa siku zile, huenda ataimba, na huenda atatoka nje kwanza.

MUKURA IKO KANDO YA RELI HIYO HIYO

Lipo jambo gumu zaidi kwa familia za askari. Reli itokayo Tororo hupita Mbale ikaelekea Kumi na Soroti, na kabla ya kufika Soroti hupita Mukura. Tarehe 11 Julai 1989, wakati wa uasi wa Teso, askari wa NRA waliwafungia ndani ya behewa la treni watu waliowashuku kuwa wanawasaidia waasi. Walijazwa humo mpaka hewa ikaisha. Watu 69 walikufa. Baadaye serikali ilikiri kosa na kuomba radhi, na mahali pale pana kumbukumbu yao na shule yenye jina la Mukura. Waliokufa wengi walikuwa wanaume, vijana na akina baba. Watoto wao ndio waliobaki.

Kwa hiyo katika darasa moja la Mbale anaweza kukaa mjukuu wa mtu aliyefia Mukura, na ubavuni pake mjukuu wa mtu aliyevaa sare mwaka ule. Je, mwalimu aliache shairi la Mukura kwa kuogopa kumuudhi afande? Wako wanaosema aliache. Hoja yao ni kwamba sare ni moja, na kuwakumbusha watoto wa askari makosa ya askari ni kuwavunja moyo wa kuitumikia nchi. Hoja hiyo haikosi uzito, lakini ina kasoro. Mtoto wa askari akifundishwa kwamba watoto waliouawa na LRA walikuwa watoto, na wale walioachwa yatima na behewa la Mukura si habari ya kusemwa, atajifunza kwamba machozi hugawanywa kwa kutazama nani aliyeshika bunduki. Atayabeba mafunzo hayo hadi siku atakapopewa bunduki yeye. Jeshi lililokubali kwamba kosa lilitendeka limekwisha kulibeba lililo zito. Beti nne za mwanafunzi hazitaliangusha.

Askari polisi nao wanalo la kuzingatia. Wao ndio aghalabu huitwa kwanza shule inapoungua au mtoto anapopotea, ndio wanaoandika majina katika daftari la kituo. Orodha ile, iliyoandikwa kwa haraka usiku, yenye jina, umri, jinsia na kijiji, ndiyo mara nyingine maandishi ya pekee yanayobaki kuonyesha kwamba mtoto fulani aliishi. Koplo anayeandika jina kwa makini, akauliza linavyotamkwa na kuhakikisha halikukosewa, ameshafanya nusu ya kazi ya mshairi.

MAMA MMOJA WA LIRA

Habari ya Aboke inajulikana na wengi, ila yafaa kuirudia kwa sababu ya mama mmoja. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, LRA waliingia shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria, Aboke, wakachukua wasichana 139. Sista Rachele Fassera, Mwitalia aliyekuwa naibu wa mkuu wa shule, aliwafuata porini kwa miguu pamoja na mwalimu mmoja, akawasihi makamanda, na wasichana 109 wakarudishiwa. Waliobaki mikononi mwao walikuwa 30.

Mmoja wa hao 30 alikuwa binti wa Angelina Atyam, mkunga wa Lira. Mama huyo na wazazi wenzake waliunda chama, wakasema hadharani, wakaenda hadi Ulaya na Marekani kuwasemea watoto wote waliotekwa, si wa Aboke peke yao. Mwaka 1998 alipewa tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa. Sauti zao zilipomfikia Kony, alituma ujumbe kwamba atamwachia binti yake ikiwa mama atanyamaza. Akajibu kwamba atanyamaza watakapoachiwa wote. Jamaa zake wengine walimwona amerukwa na akili. Binti yake alikaa huko miaka mingine kadhaa, akatoroka mwaka 2004, akarudi na watoto. Baadhi ya wale 30 walifia msituni.

Mwalimu anayetafuta kitu cha kuwatungisha wanafunzi mwezi wa Juni aichukue siku ile moja, siku ujumbe ulipofika kwa mkunga yule nyumbani kwake Lira. Aache Kony, aache msitu, aache hata mahakama. Awaulize watoto: nani aliyeuleta ujumbe? Mama alikuwa anafanya nini? Alimjibu palepale au aliomba muda? Kitanda cha binti kilikuwa bado kimetandikwa? Kila mtoto aandike beti mbili, mizani nane kila mstari, bila kutaja neno "vita". Kazi hiyo inatosha kipindi kimoja cha dakika arobaini, na zikibaki dakika tano wasomeane kwa sauti ya kawaida, mikono ikiwa imetulia.

Wazazi wanaoishi kambini wanaweza kufanya vivyo hivyo baada ya chakula cha jioni, redio ikiwa imezimwa. Baba akiwapo, aulizwe kama ana jina moja ambalo angependa litiwe ndani. Pengine atatikisa kichwa. Pengine, baada ya watoto kwenda kulala, atamwambia mkewe jina hilo, na jina la kijiji, na rangi ya gauni.